Ng'ombe wa Issenye na Ukurasa Uliokosekana

Mama Robhi, mwenzangu,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko ule ule uliokuwa unaucheka, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mimi niliyeachia darasa la tatu! Aliyenifundisha ni wewe, kwa hiyo ukikuta kosa ujilaumu.

Kwanza habari za dunia, maana najua unazisubiri. Huko machimboni kijana mmoja wa kuja kachimba siku nne akitafuta dhahabu, akapasua bomba la maji la kijiji. Kijiji kizima kikakaa na ndoo tupu, yeye akaoga vizuri. Upande wa Serengeti tembo wameingia tena kwa watu, wamekunywa togwa ya harusi yote, wakaondoka hata bibi harusi hawajamsalimia. Bwana mmoja wa serikali kasema wananchi waache kuwachokoza. Mama Robhi, hapo nani kamchokoza mwenzake?

Sasa kaa vizuri. Ghati anasoma habari redioni! Ghati wetu, nasema wetu kwa sababu kusoma alijifunzia kibarazani kwako. Unakumbuka vile vipande vya gazeti walivyotufungia maandazi pale senta, madukani? Tunapukuchua mahindi, wewe unakunjua kipande chenye mafuta, unaninyooshea kidole kwenye neno. Na habari zote zilikuwa nusu! Mwizi ndio kwanza anaingia dirishani, karatasi imekatika. Unaniambia, "Malizia, Mama Ghati." Mimi namalizia kwa polisi na fimbo. Wewe ukimalizia, mwizi anagundua kaingia nyumba ya shangazi yake, anakaribishwa ugali. Tunabishana mpaka gunia linajaa, na Ghati katikati yetu anatunga mwisho wake, mtamu kuliko ya kwetu yote.

Ndiyo maana nilikuwa na hofu. Kile kituo kidogo cha redio Mugumu kiliwachukua wasichana wawili wa kujaribiwa, kiti ni kimoja. Bosi wao kawaambia, atakayesema hewani jambo lisiloandikwa anarudi kwao siku hiyo hiyo. Mimi najua mtoto tuliyemlea. Tulimlea kusema yasiyoandikwa!

Siku yake ya kwanza, saa nne asubuhi, uwanja wangu ulijaa. Sijisifu, lakini walitoka hadi ng'ambo ya mto. Redio tuliifunga waya mpaka juu ya bati, hapa kijijini Itiryo haishiki bila hivyo. Sauti ikatoka. Mama Robhi, sauti ile! Imenyooka, haina haraka. Nikawaambia, "Huyo kalala tumboni humu." Mzee Marwa, jirani yetu yule wa maneno, akanijibu, "Tumbo tunalijua, Mama Ghati, tuache tusikie."

Akafika kwenye habari ya Issenye. Mtu kaibiwa ng'ombe, siku ya tatu ng'ombe karudi mwenyewe nyumbani, tena kaja na mwenzake asiyejulikana. Unaona balaa hilo? Kwetu nyayo zikiishia langoni kwako, wewe ndiye mwizi, utajibu. Wenye ng'ombe yule wa pili wamefuata nyayo na vijana wao, mpaka langoni kwa huyu aliyeibiwa. "Wakamkuta mwenye mji amesimama," Ghati anasoma, "na mkononi ameshika..."



Nikasikia karatasi zinapekuliwa. Ukurasa wa pili haupo! Mzee Marwa kasema, "Mtoto kameza ulimi." Mimi nimeisogelea redio. Nusu ya moyo inasema, malizia mwanangu, unajua kumalizia. Nusu nyingine inasema, nyamaza, usirudi nyumbani leo.

Akasema, taratibu kabisa: "Mwisho wa habari hii hatujaupata. Tukiupata tutawaambia." Akaendelea na bei ya mahindi, kama hakuna kitu.

Nililia, mwenzangu. Halafu watu wakanigeukia mimi, "Mama Ghati, kashika nini?" Nikawaambia panga! Nikawapa na majeruhi wawili. Ungekuwepo ungenipiga na gunzi.

Kesho yake mwisho ukapatikana, na Ghati mwenyewe ndiye aliyeusoma. Mwenye mji alikuwa ameshika kamba. Kamfunga ng'ombe wa watu na alikuwa anatoka kumrudisha, anafuata zile zile nyayo kwenda alikotoka ng'ombe. Wakakutana langoni. Wamekaa, wamekunywa togwa, na huyo ng'ombe wa kurudi mwenyewe wamekwenda kumtazama wote.

Uwanja mzima ukanitazama, na panga langu.

Miaka yote ile nilikuwa nakuambia watu hawako kama wa miisho yako. Sikuwahi kukukubalia mbele ya uso wako, nakukubalia hapa: ulishinda. Kiti kapewa Ghati. Bosi kasema watu wa kusoma kilichoandikwa ni wengi, anayejua kusimama pale kilipoishia ni mmoja. Nimemweleza mtoto kwamba hilo, kujua habari inapokatikia, kajifunza kibarazani kwako, kwenye karatasi za maandazi. Kanijibu, "Najua, mama. Nilipofika chini ya ukurasa niliisikia sauti yake, 'malizia'. Ilikuwa kazi kukataa." Asante, Mama Robhi. Sina neno lingine, na unajua mimi maneno huwa sikosi.

Robhi wako amejifungua mtoto wa kike, tumempa jina lako, Nyangi. Ana macho yako ya kunidharau. Nakuahidi, akianza kukaa mwenyewe nitamweka kibarazani, karatasi za maandazi naziweka tangu sasa. Herufi nitamfundisha kama ulivyonifundisha. Na kipande kikikatika, mimi sitamalizia kwa fimbo. Nitampa mwisho wako kwanza.

Pumzika vizuri huko ulikotangulia, mwenzangu. Saa nne inakaribia, nakwenda kufunga waya.

Mimi,
Mama Ghati, mama wa msoma habari