Taa Nyekundu ya Bati

Mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Hemedi,

Shikamoo. Naomba Mungu karatasi hii ikukute Dodoma ukiwa mzima, wewe na Shemeji Swaumu na watoto, na kile kikohozi kinachokusumbua msimu wa vumbi kiwe kimepoa. Utajiuliza nimejuaje habari za kikohozi. Nitafika huko, nivumilie.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazini masjala ni kulekule, mafaili yaleyale na vumbi lilelile. Mama yuko nasi hapa, hajambo, ila magoti yanamsumbua. Mke wangu Zubeda ndiye aliyefunga kifurushi hiki. Korosho zimetoka kwenye ile mikorosho miwili nyuma ya nyumba, kazikaanga mwenyewe, na anasema ukizimaliza kabla ya kumwonjesha mkeo atajua tu. Barua nimeiweka chini ya korosho kwa makusudi, ili ule kwanza. Mtu mwenye njaa hasikilizi, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Nimeandika kwa sababu hupokei simu zangu. Hunijibu vibaya, sisemi hivyo. Unanitumia ujumbe, "Wazima, salamu kwa Mama," basi, huu mwaka wa nne. Kwa muda mrefu nilidhani ni hasira. Sasa najua ni sauti yangu, kwamba siku hizi imekuwa sauti ya Baba mtupu na huwezi kuistahimili. Hilo hukuniambia mimi. Ulimwambia Bati.

Ndiyo, kaka. Bati ni mimi.

Mwaka jana Shemeji Swaumu alimweleza Zubeda kwamba Jumapili mchana huambiliki, wewe na fundi mwenzako Lusajo mmekodolea macho kompyuta, mnacheza mchezo wa kunusurika kwenye sayari isiyo na hewa. Zubeda alinisimulia kwa kicheko, eti mtu mzima na mvi zake anaruka angani. Mimi sikucheka. Niliutafuta mchezo, nikaupakua, na nilipoona kwenye orodha ya vikosi nahodha mmoja kajiita Mkorosho wa Msimbu, kwa jina la kijiji chetu, sikuhitaji kuuliza mtu. Nikaomba kujiunga. Mchezaji anaruhusiwa kuwa binadamu au roboti. Binadamu huongea kwa sauti yake mwenyewe. Roboti hana sauti, ana taa tatu tu: ya kijani ni ndiyo, nyekundu ni siyo, ya buluu ni nakuja. Havuti hewa wala hali chakula, ila betri ikiisha husimama palepale alipo mpaka mtu amletee waya. Nikachagua roboti.

Wewe ndiye uliyenipa jina la Bati. Miezi kumi nimekubebea barafu, nimechimba madini, nimeziba matundu ya paa mawe yalipokuwa yakidondoka, na huyo Lusajo akinituma kama punda. Sikuchoka. Mara ya kwanza uliposema, Bati, hapo umefanya kazi, nilifunga kompyuta nikaenda kunawa uso. Nilikuwa nakusikia ukicheka, ukikohoa, ukimwita mtoto akuletee maji. Nilikuwa na kaka yangu tena, Jumapili kwa Jumapili, na sikudaiwa neno hata moja.

Kisha ikaja ile Jumapili ya dhoruba, wiki mbili kabla ya Idd. Nilikuwa nimekwenda nyuma ya ukingo wa mawe kuchukua barafu, nikakosea kukisia betri, nikazimika. Roboti aliyezimika hasogei wala hawashi taa, lakini mchezaji wake anasikia kila kitu. Nilimsikia Lusajo akisema chombo kiondoke, atatengenezwa roboti mwingine, hilo ni bati tu. Ukamjibu kwamba wewe uliwahi kuachwa, unajua uchungu wake, na kwamba kwenye kikosi chako haachwi mtu wala bati. Lusajo akaondoka na chombo. Wewe ukaja kwa miguu ndani ya vumbi, hewa yako imebaki robo, ukachomeka waya, ukakaa kando yangu kusubiri betri ijae.

Hapo ndipo ulipozungumza. Ulimweleza Bati jinsi Baba alivyofariki Alhamisi jioni, ukapanda basi la kwanza la Ijumaa, likaharibika Gairo. Jinsi ulivyonipigia saa saba mchana ukiwa Chalinze, ukanisihi niwaambie wazee wasubiri mpaka alasiri, ili wewe kama mkubwa ushuke kaburini, usimame upande wa kichwa, umfungulie Baba vifungo vya sanda. Jinsi ulivyofika Msimbu ukakuta udongo umeshamwagiwa maji. Ulisema Baba Mdogo Faraji ndiye aliyekataa, kwamba alisema maiti haisubiri abiria, na kwamba hutamsalimia mpaka mmoja wenu aingie ardhini. Ukasema pia kwamba siku ile ulikuwa na mtu mmoja tu wa kukusemea, naye ni mdogo wako Hamza.

Halafu ukamuuliza Bati, nusu mzaha, kama urudi nyumbani Idd hii, mkae na wazee mliseme jambo lile liishe. Betri ilikuwa imeshajaa. Ukasubiri taa.

Kidole changu kilikuwa juu ya ile ya kijani, kaka. Naapa kilikuwa juu ya ile ya kijani. Nikabonyeza nyekundu.

Ulicheka kidogo, ukakohoa, ukasema hata roboti kaliona hilo. Idd ikaja, Mama akakuwekea sahani, ikakaa mpaka Magharibi, Zubeda akaiondoa. Mimi nilikuwa nimekaa palepale mkekani, nikila.

Sasa nakwambia kwa nini niliogopa urudi ukae na wazee. Kaka, sikukusemea. Ulipokata simu ile ya Chalinze, Baba Mdogo aliniuliza mbele ya jeneza, si mara moja, mara mbili, kama Hemedi amepiga. Alikuwa tayari kusubiri mpaka alasiri, na alishamwambia imamu. Simu ilikuwa mfukoni mwa kanzu yangu, bado ina joto la sikio langu. Nikawaambia umesema wazike tu, hutawahi. Na wewe ulipofika, ukasimama pale na begi begani, nikakwambia wazee wamekataa. Maneno ya maiti haisubiri abiria ni yangu. Baba Mdogo hakuwahi kuyatamka. Nilikuwa najua kwamba wewe si mtu wa kuuliza mara mbili, na yeye si mzee wa kumfuata kijana aliyemgeuzia mgongo. Nikaegemea hapo miaka yote hii. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha kwa viburi vyenu.

Sina cha kujitetea, ila ujue tu. Miezi minane nilimwosha Baba, nikamlisha uji, nikamgeuza kitandani, na kila nilipomgusa aliniita Hemedi. Hakukosea kwa ubaya, akili ilikuwa imeshachoka. Nami nilimwitikia, naam Baba, kwa jina lako, kwa sababu akisikia hivyo alitulia. Siku ya mwisho alishika mkono wangu akamuaga Hemedi. Basi uliponipigia ukiomba usubiriwe usimame upande wa kichwa, moyo wangu uliingia giza. Nilitaka siku moja tu niwe mimi ndiye mwanawe. Nilishuka, nikafungua vile vifungo, nikalilaza shavu lake kwenye udongo. Tangu hapo sijapata siku hata moja ya kufurahi kwamba nilikuwa mimi.

Nilizima kompyuta ile Jumapili nikajua kwamba wewe ulitembea katika dhoruba kumfuata bati, na mimi nilishindwa kukusubiri kwa muda wa saa tatu tu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Msimbu na Mama, nikawaambia wote. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akafunga mlango. Hajasema nami tangu siku hiyo, na chakula changu ananiwekea Zubeda. Baba Mdogo alipapasa fimbo yake. Siku hizi macho hayaoni vizuri. Kisha akauliza kama kweli ulipita mbele yake siku ile bila kumsalimia kwa sababu hiyo tu. Nikamwambia ndiyo. Akalia, kaka, mzee mzima, akasema alidhani amekukosea kitu kikubwa asichokikumbuka. Akaniagiza nikuandikie kwa mkono wangu, nisimtume mtu kunisemea.

Anasema hivi: kaburi la Baba halijajengewa mpaka leo. Matofali yapo, mchanga upo, fundi yupo. Hakuna atakayeweka tofali upande wa kichwa ila wewe. Njoo siku yoyote. Basi likiharibika Gairo, tutasubiri. Ukiwa Chalinze na jua linazama, tutasubiri, na kesho yake pia. Hayo ni maneno yake. Kwa upande wangu, nitakukorogea saruji, na ukitaka nisiwepo kabisa, mwambie Zubeda, nitabaki huku Kibaha.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, ningekuwa nakuharakisha, na nimeshakuharakishia jambo moja kubwa mno. Shemeji Swaumu na watoto wasalimie. Lusajo naye mwambie Bati hana kinyongo.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi nilimpeleka Bati nyuma ya ukingo ule wa mawe, pale ulipokaa naye, nikaiacha betri ikaisha. Amesimama pale. Hakuna anayepajua ila wewe. Ukiona sauti yangu bado ni nzito kwako, usipige simu. Mchomekee tu waya. Kompyuta nimeiacha wazi mezani, nami kila Jumapili nitakaa mbele yake. Bati akiwaka, nitawasha taa ya buluu, nakuja, na safari hii nitakuwa nasema kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Hamza