Smou Haiombwi kwa Kichwa Juu

Jumatatu, 11 Novemba

"Smou ni mfupa mkavu wa Kikopti, baraka ya Kiarabu yamtosha Mkristo wa leo." Kaandika Abuna Wissa katika jarida la kanisa. Kasisi, msomi — na kaka yangu!

Uongo. Babu zetu hapa Misri walikiacha Kikopti sokoni, wakakiacha shambani, wakashika Kiarabu, lakini neno hili la kuombea baraka walibaki nalo kanisani. Kwa nini? Baraka siku hizi mtu hupewa amekaa, anatafuna karanga. Smou huombwa. Unainama mpaka chini: nibariki, nakusujudia, nisamehe. Pumzi moja. Asiyeomba radhi habarikiwi!

Jumatano, 13 Novemba

Baba hali tena. Daktari kasema tumwache nyumbani. Amefundisha nyimbo za Kikopti hapa Mallawi maisha yake yote, na Wissa ndiye mwanafunzi wake wa kwanza. Tangu Wissa azifute nyimbo hizo kanisani kwake Kairo, hawasemezani. Nimempigia simu: njoo, baba anakufa.

Alhamisi, 14 Novemba

Amekuja. Na kafanya nini? Kamnyoshea baba mkono aubusu, kama anavyomnyoshea kila mgonjwa! Mazoea tu. Nilimwona akishtuka mwenyewe, amechelewa.

Baba akageukia ukutani. "Nimeomba mwanangu. Mmeniletea kasisi."

Shangazi Irini hakumezea. "Rudisha mkono, Abuna. Huo nimeunawisha mavi mimi."

Ijumaa, 15 Novemba

Baba anataka kumbariki Wissa. Kaniambia kwa shida: aombe smou, kama nilivyomfundisha. Basi.

Wissa kakaa uani. "Febronia, kasisi hamwinamii mlei. Watu watasemaje?"

Watu gani? Shangazi na kuku wake!

Nikamuuliza: kila Jumapili, kabla ya misa, huwageukii waumini ukawainamia wakusamehe? Hata muuza vitunguu? Akawa anairekebisha kofia yake nyeusi, ambayo haikupinda.

Pumzi ya baba inakwaruza. Naisikia hapa jikoni. Inakatika — inarudi.

Wissa, acha kofia. Nanyi makasisi wenzake, mliomwandikia kumpongeza kwa makala yake, mpigieni simu sasa hivi mmwambie mlikosea. Hamtaki? Basi nyamazeni, apite. Wissa! Inuka hapo kwenye kiti. Mlango u wazi, na baba ameugeuza uso kutoka ukutani. Ingia uiname.