Ratiba ya Gari la Wagonjwa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo, na leo ndiyo nimepewa kazi ya maana. Mama Gaudiosa, mganga mfawidhi wa kituo chetu cha afya, kanikabidhi gari la wagonjwa. "Wewe Munira unasomea uzamili wa utawala wa afya. Hebu tupangie hili gari litulie." Kweli halitulii! Leo dawa, kesho chanjo, keshokutwa barua – kila siku liko njiani kwenda Sumbawanga. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na tope hili. Nimekaa na daftari la safari mpaka saa ya futari.

Jumanne, 4 Machi

Ratiba tayari. Safari zote za mjini nimezikusanya siku moja: Alhamisi. Siku nyingine gari linabaki kituoni kusubiri wagonjwa. Mama Gaudiosa kasaini, kafurahi, tumeibandika ukutani. Romani, dereva, kaisoma polepole, kisha kauliza: na mgonjwa akizidiwa Alhamisi? Nikasema tutakupigia. Akasema njiani mtandao hakuna, dada. Nikasema tutaona.

Tutaona! Wauguzi walikuwa wanasikiliza. Sikutaka kuonekana sijui.

Alhamisi, 6 Machi



Saa tatu asubuhi Romani kaondoka. Saa nne na nusu Kabula kajifungua – binti wa miaka kumi na tisa, Msukuma, familia yao wanachunga ng'ombe kule bondeni. Uzazi wa kwanza. Mtoto wa kike, analia vizuri. Kondo la nyuma likakataa kutoka. Halafu damu. Sijawahi kuona damu vile. Mimi mtu wa majedwali! Mama Gaudiosa akapaza sauti kutoka ndani: "Munira, gari!" Hapa hatuna damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji.

Nikampigia Romani. Hapatikani. Tena. Hapatikani. Mara kumi na nne – nimeona kwenye simu baadaye. Nyanda, mume wa Kabula, kasimama mlangoni na blanketi mkononi. Ananitazama tu.

Saa tano na robo ndipo nikamkumbuka baba mdogo Hamidi. Lori lake lilikuwa linapakia maharage kijiji cha jirani. Nililia kwenye simu kama mtoto. Shikamoo baba mdogo, njoo, mtu anakufa. Wakashusha magunia barabarani, mvua inanyesha, wakaja. Saa sita kasoro! Kabula tukampandisha nyuma na godoro lake, turubai juu, Mama Gaudiosa kapiga magoti pembeni kashikilia chupa ya dripu.

Romani karudi saa tisa. Dawa zote kapata. Kaona sakafu, kavua kofia. Hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema.

Ijumaa, 7 Machi

Yu hai. Alhamdulillahi, yu hai! Ila kizazi kimetolewa. Daktari wa mjini kamwambia Mama Gaudiosa: mngemfikisha saa moja mapema, tungejaribu kukiokoa.

Saa moja.

Nimefuturu maji tu. Mama Gaudiosa kaniletea uji wa ulezi. Umepoa mezani.

Jumatatu, 10 Machi

Fomu ya taarifa ya tukio. Naijaza mimi – nayo ni sehemu ya mafunzo. Kisanduku cha nne: sababu ya kuchelewa. Mama Gaudiosa kafunga mlango, kasema taratibu: andika gari lilikuwa bovu, mwanangu. Kesho msimamizi wako wa chuo anakuja, na sahihi kwenye ile ratiba ni yangu. Hakunitisha. Aliniomba. Mtu aliyepiga magoti kwenye lori saa mbili nzima! Nitamkatalia vipi?

Nikamfuata Romani, anaosha gari. Nikamweleza. Hakugeuka. "Likiwa bovu, dada, atakayeulizwa ni dereva." Akaendelea kuosha.

Saa tano Nyanda kaja kwa pikipiki kutoka mjini, tope mpaka magotini. Nilijua anakuja kuuliza gari lilikuwa wapi. Nilikuwa nimejiandaa! Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Dada, wameniambia wewe ndiye uliyeita lori. Kabula anasema mtoto tumpe jina lako. Ndiye huyo huyo mmoja, hatapata mwingine. Unaitwa nani?"

Sikuweza kulitamka. Nimemwambia anisubiri nje. Yuko kwenye benchi, namwona dirishani. Hana haraka.

Kisanduku cha nne nimeanza: "Gari lilikuwa mjini, kwa ratiba iliyopangwa na" – Mama Gaudiosa anagonga mlango.