Nekesa Hatarudia Tena

Baba Nekesa,

Nimeanza kukuandikia mara nyingi nikaacha. Unajua mkono wangu haujazoea kalamu, lakini hili siwezi kumwambia mtu mwingine.

Ulipotuacha niliingiwa na hofu. Watoto wamebaki na mimi peke yangu hapa mtaani Jericho, na mkubwa ni Nekesa. Asiposhika namba nzuri darasani, tutaenda wapi? Alipotoka namba ya nyuma sikumuuliza hata ameelewa nini. Nilienda shule nikaomba arudishwe darasa la sita. Na wewe ulikuwa umekataa! "Mtoto si sufuria, mama, umsugue upya." Nilikungoja ufe ndipo nifanye.

Aliporudia akawa namba moja. Nikapika chapati, nikazunguka na ripoti yake mpaka kwa jirani yetu Mama Mutua. Nilijivuna, Baba Nekesa. Sikuona kwamba yule mtoto aliyekuwa akikuchosha, "Baba, mbona mwezi unatufuata?", sasa ana swali moja tu: "Hii italetwa kwa mtihani?"

Mwaka huu yuko la saba. Juzi mwalimu aliniita akanionyesha karatasi yake ya hesabu. Zile ngumu zote ameziacha wazi, hajajaribu hata moja. Akasema afadhali arudie tena, asije akaangusha shule mwaka ujao kwenye mtihani wa taifa wa la nane.

Nyumbani nikamkaripia, si angebahatisha tu? Akaangalia chini.

"Mama, nikikosea utanirudisha."

Nilikaa kitandani. Hofu ni yangu, nikambebesha yeye.

Jana nilimwomba anifundishe moja ya zile hesabu alizoacha. Mimi niliyeishia la tatu! Nilikosea vibaya, akacheka mpaka akashika tumbo. "Ai, Mama, si hivyo!" Akajaribu yeye, akakosea, akafuta, akaanza tena. Hatukuipata. Lakini nilimwita kula mara nyingi, na hakusikia, bado anaihangaikia ile hesabu.

Nisamehe. Jumatatu naenda kumwambia mwalimu kwamba Nekesa anaingia la nane na wenzake, hata akiwa wa mwisho. Unajua ninavyoogopa walimu. Lakini nitasema, na sitatoka ofisini mpaka akubali.

Pumzika, mume wangu. Huyu mtoto niachie, sasa nitamlea bila kumtisha.

Mama Nekesa