Makubadhi Niliyoyavua Mlangoni mwa Kanisa

Kwa jina la Mola Mrehemevu. Ndugu yangu Abdi, amani na rehema zikufikie huko Balambala.

Leo nimezuru kanisa kongwe la mtaani hapa Garissa. Kwa kuwa ni nyumba ya ibada, niliyaacha mlangoni yale makubadhi ya ngozi ya ngamia uliyonishonea. Nilipotoka, sikuyaona.

"Mzee, sisi huingia na viatu," mlinzi akaniambia. "Nilidhani umetoa sadaka, nikampa maskini aliyepita."

"Na mimi nitarudije na mchanga huu unaochoma?"

"Basi maskini sasa ni wewe. Chagua katika kapu la sadaka."

Humo mlisalia malapa ya kike yenye maua mekundu. Nimeyavaa, nikapita sokoni kwa taadhima.

Thawabu ni zako. Aibu nimeibeba mimi. Mola aibariki nyumba yako na mifugo yako, na aitie nguvu mikono yako, maana sindano inakungoja.