Mkasi wa Baba na Nyua za Jirani

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Shemeji na mwanangu wanaendeleaje? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unajifanya shujaa, unatoka bila koti? Sisi hatujambo, na safari hii silisemi kwa mazoea. Hatujambo kweli.

Najua barua iliyopita ilikunyima raha. Nilikwambia ua wa miti wa jirani yetu wa mbele, fundi cherehani, umekauka, ukafuata wa mwalimu, kisha wetu, na kwamba fundi hamsalimii Baba tena. Watu walishaanza kunong'ona kwamba Baba, anayezikata nyua zote hizo, ana mkono wa nuksi. Akautundika mkasi wake wa miti nyuma ya mlango, na kule saluni akawa ananyoa watu bila utani hata mmoja. Niliogopa, Dada. Sijawahi kumwona vile.

Basi manispaa ikamtuma mtaalamu wa miti, mama mmoja mcheshi mwenye buti zilizomzidi miguu. Alivunja kijiti, akatuonyesha mstari mweusi ndani yake. Kumbe ni ugonjwa mgeni, ulioingia juzijuzi na miche ya barabarani, nao huhama kwa utomvu wa mti mgonjwa. Akauliza nani hukata nyua za mtaa huu.

"Mimi," Baba akajibu. "Kila Jumapili, nyumba kwa nyumba, bure."

"Na mkasi unausafisha kabla ya kwenda kwa jirani?"

Dada, mtu huyu hagusi kichwa cha pili mpaka vifaa vyake vioge spiriti! Akainama. "Naupaka mafuta tu," akasema.

"Kinyozi hajinyoi!" Mama akadakia. Tulicheka wote isipokuwa Baba. Alivuka barabara palepale, akamwambia fundi kwamba ni yeye aliyempelekea ugonjwa. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango.

Kama yule mtaalamu alivyotuelekeza, tulikata matawi yote yenye ule mstari, tukayachoma, na mkasi ukachovywa kwenye spiriti baada ya kila mti. Mwalimu na fundi nao wakafanya hivyohivyo kwao. Kisha tukangoja mvua. Wiki tatu zilizopita Mama alipiga kelele uani, nikatoka na fagio nikidhani ni nyoka, kumbe ni machipukizi! Nililia kama mtoto, usinicheke. Hata hivyo, Baba aliurudisha mkasi nyuma ya mlango. Alisema mikono yake imewachosha watu.

Leo asubuhi hodi ikabishwa. Alikuwa fundi, nywele zimemtimka, maana tangu ugomvi hajakanyaga saluni, na mkononi ana chupa mpya ya spiriti. "Jirani," akasema, "ua wangu umechipua hadi umekuwa kichaka, na kichwa hiki nacho usiseme. Unaanza na kipi?"

Mama anakusalimu sana. Baba anasema Shemeji asiguse mti wowote huko kabla ya kuosha mkasi. Mbusu mwanangu mashavu yote mawili. Mungu awafunike kwa afya na awarudishe kwetu salama.

Naishia hapa nikamwite Baba aje kula. Jua limekuchwa, na bado namsikia ng'ambo ya barabara, mkasi unalia na yeye anamtania fundi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kitindamimba