Kilo Mbili za Fundi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za kukutosha wewe, shemeji na watoto. Natumai goti lako limetulia, na kwamba umeacha ukaidi wa kupanda ngazi na ndoo. Mimi ni mzima, ila moyo ni mzito, na utaona kwa nini.

Uliniuliza habari za mwili. Mwili umepungua, dada! Nilianza na kilo tisini na nne, sasa nina themanini na tano, na sijameza dawa yoyote ya ajabu. Naenda kazini kwa miguu, chai nakunywa bila sukari, na chakula changu kimekuwa kidogo mpaka manesi wenzangu wananiuliza kama nakula au naonja.

Ushonaji nao unaendelea. Nikitoka kliniki napitia kwa Fundi, yule mzee wa makoti, anifundishe kukata kola. Hana maneno mengi. Ukikosea anafumua mshono wote mbele yako, anakurudishia kitambaa, basi. Nampenda kama baba. Naye ni mgonjwa wetu wa moyo. Kila Jumanne nampima uzito, kwa sababu moyo wake ukilemewa, maji hujaa mwilini, na mizani ndiyo inayotuonya kabla hajaanza kuhema.

Sasa nisikilize, na usianze kunifokea kabla sijamaliza.

Mizani yetu ni ya mshale. Kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, nilikuwa najipima. Sare na viatu vya kazi ni kilo mbili, kwa hiyo nilikuwa nazungusha kirekebishio, mshale urudi nyuma ya sufuri kilo mbili, nipate uzito wangu bila kuvua kitu. Ujinga mtupu, maana ningeweza kutoa kichwani. Lakini kuuona mshale wenyewe umesimama pale kuna raha yake! Nikimaliza naurudisha.

Jumanne iliyopita niliitwa mbio, mama mmoja kazimia mapokezi. Sikuurudisha.

Fundi akaingia akilalamika kwamba suruali aliyoishona mwenyewe inambana, na viatu havimwingii. Nikamtania, fundi gani huyu anayeshindwa na kiuno chake. Nikampima: uzito uleule wa wiki iliyotangulia. Akasema tepu yake haisemi hivyo. Nikamwonyesha mshale. Daktari akasoma kadi, akamwandikia vidonge vilevile.

Ijumaa wakamleta hawezi kuvuta pumzi, maji yamejaa mapafuni.

Hapa kila mtu anasema ni uzee. Wewe nakuambia ukweli, na kusahau siyo sehemu inayoniuma zaidi. Jioni ya Jumanne ileile, nikifunga chumba, niliona mshale uko nyuma. Nikajua papo hapo kwamba Fundi kaongezeka kilo mbili. Nyumba yake naijua, na nilikuwa naelekea hukohuko kushona! Niliogopa kuchekwa, nikaogopa kufukuzwa. Nikaurudisha mshale kimyakimya, nikaenda nyumbani kwa njia nyingine. Na kesho yake pia, na keshokutwa.

Leo asubuhi nimempelekea metroni maelezo yangu kwa maandishi. Ameniondoa chumba cha kupimia mpaka kikao kikae, na kazi inaweza kwisha, ujue hivyo. Kisha nikapanda wodini. Fundi hajambo kidogo, anakaa mwenyewe, miguu imenywea. Nikamweleza yote, mpaka ile njia nyingine. Ilikuwa imefika saa yake ya kupimwa uzito, nami nikanyoosha mkono nimsaidie kushuka kitandani. Akaniomba, kwa upole kabisa, nimwitie nesi mwingine.

Nikamwita.

Mama mwambie wewe, mimi siwezi. Msalimie shemeji, wanangu uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba yangu, na ukipata nafasi niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.